Bahari unaiona, kuoga huwezi

Maghorofa mapya ya Upanga na Kisutu, Dar es Salaam, yanapendeza kwenye picha: marumaru, lifti mbili, bahari ile pale. Haya, fungua bomba la mvua la ghorofa ya juu kabisa. Kojo la mtoto lina kasi zaidi.

Wala msiisingizie Dawasa, mamlaka ya maji ya jiji, ni hesabu tu. Maji hushuka kutoka kwenye tangi la paani, na kila mita 10 za kimo kati ya tangi na bomba huleta presha ya kama baa 1 (kipimo cha msukumo wa maji). Simtanki, yaani hilo tangi la plastiki, likikaa mita 3 juu ya bomba, unaambulia baa 0.3, hita ya papo kwa papo haiwaki, maana swichi yake inangoja maji yaisukume. Huku chini, mita 36 kutoka kwenye tangi, baa 3.6 zinaichosha mipira ya bei chee ya sinki mpaka inavuja. Na aliyelipa zaidi ni huyo wa juu!

Dawa ipo: pampu ya kuongeza presha kwa ghorofa mbili tatu za juu, valvu ya kuipunguza kwa zile za chini. Ifungwe kabla ya plasta. Marumaru zikishabandikwa ni kubomoa, kwa ada ya kila mwezi ya wakazi, na mjenzi keshahamia kiwanja kingine.