Deni Limekimbia

Wapo wanaolipa deni kwa pesa, wapo wanaolipa kwa maneno. Rafiki yangu mmoja alinilipa kwa mbwa. Nilikuwa namdai laki na nusu, simu hapokei, ujumbe hajibu, mpaka nikaenda kumvizia kwake Goba, hapahapa Dar es Salaam, alfajiri. Akatoka na kaptula, kakumbatia kitoto cha mbwa. "Baba yake Mjerumani kabisa," akasema. "Hawa wanauzwa laki tatu. Kwa hiyo hapa mimi ndiye ninayekudai wewe." Nikamuuliza, na mama yake? Akaangalia pembeni. "Mama ni wa hapahapa Goba."

Nyumbani Mtongani mama watoto akauliza hela iko wapi, nikampa mbwa. Alimgeuza huku na huku, akaona sikio moja limesimama na la pili limelala, akasema, "Basi huyu ataitwa Deni. Kila ukimwita utakumbuka." Na tangu siku hiyo hamwiti kama kiumbe. Deni limekula ndala. Deni limekojolea zulia. Deni linakusubiri hapo mlangoni, lipeleke nje.

Kumtoa nje ndiyo kazi. Bahati nzuri tuna jirani mstaafu wa polisi, alitumikia kikosi cha mbwa na farasi, na hana burudani nyingine ila kusahihisha watu. Afande alinifundisha kwa kamba ndefu ya manila: mwache mbwa aende mbali, mwite mara moja tu, akija mpe dagaa. Usirudierudie jina, maana ukiita mara kumi unamfundisha kuwa mara tisa za mwanzo si lazima. Na jambo moja alilisisitiza mpaka akasimama wima kama yuko kwenye gwaride: mbwa akikukimbia, usimfukuze. Ukimfukuza, kwake huo ni mchezo, na miguu yake ni minne. Wewe mpe mgongo, kimbia upande mwingine. Atakufuata.

Uani kwetu Deni alikuwa anakuja kabla sijamaliza kuita. Majirani walikuwa wanachungulia kwenye ukuta kumtazama. Alipotimiza miezi saba nikaona sasa ni wakati wa kumfungulia mahali penye nafasi. Afande akatikisa kichwa. "Miezi saba ni kidato cha pili," akasema. "Masikio anayo, ila hayatumii." Nikamshukuru kwa ushauri wake, na Jumapili ile saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa ufukweni Kunduchi.

Niwaeleze nilivyovaa, maana ndiyo kiini cha matatizo. Shati la kuchomekea, kwa sababu baada ya hapo nilikuwa niunganishe kanisani. Kibegi kidogo cha kukatiza kifuani, kimejaa dagaa wakavu. Na mfuko wa shati ulikuwa na kadi, ile ya daktari wa mifugo inayoonyesha kuwa Deni amechanjwa kichaa cha mbwa. Mama watoto alisema nisitoke bila kadi, mbwa akimgusa mtu niwe na ushahidi.

Maji yalikuwa yamekupwa mbali, mchanga mtupu. Boti zilikuwa zimeshaingia, mnada wa samaki umechangamka upande wa chini, na kina mama wa kukaanga wamekaa na makarai na ndoo zao wakisubiri bei ishuke. Kwa kuwa wao walikuwa mbali, nikainama, nikafungua kamba.

Deni hakuondoka. Alikaa, akanitazama, akaitazama kamba mkononi mwangu. Nikasogea hatua kadhaa, akasogea. Nikamwita, akaja, akala dagaa. Nilikuwa nimeshaanza kutunga kichwani maneno ya kumwambia Afande. Ndipo kaa mmoja akatoka kwenye tundu lake, akakimbia ubavuubavu kama walivyo, na Deni akagundua kuwa duniani kuna vitu vinavyokimbia.

Kaa aliingia majini, Deni akaingia majini. Kaa akapotea, Deni akatoka amelowa chapachapa, akanusa upepo uliokuwa unatoka mnadani, na sikio lile linalolala likasimama. Sijawahi kuliona limesimama kabla wala baada ya siku hiyo.

"Deni!" nikaita. Mara moja, kama nilivyofundishwa. Hakugeuka. Basi nikamfuata mbio, shati limechomekewa, kibegi kinadunda kifuani, napiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Deni! Deni! Simama! Nasema Deni!"

Sasa, mwenyeji wa mji huu ameshanielewa. Kwa mgeni nitafafanua. Kuna mikopo inaitwa kausha damu. Unapewa laki asubuhi bila maswali mengi, marejesho ni kila siku au kila wiki, riba ukiihesabu unapata homa. Sheria ya huduma ndogo za fedha ipo tangu 2018 na inamtaka mkopeshaji awe na leseni, lakini ukishakwama hakuna anayekumbuka kuuliza leseni. Wanakuja vijana waliochomekea, kibegi kifuani, kadi mkononi, wanaondoka na jiko lako la gesi na godoro.

Mwanamke wa kwanza aliyenisikia alikuwa anaparua changu. Aliinua kichwa, akaniona, akaacha kisu ndani ya samaki. "Wamekuja!" akasema, si kwa kelele, kwa ile sauti ya mtu anayepitisha taarifa. Nikaona kina mama wanne wanasimama kwa pamoja bila kushauriana. Mmoja alijitwika karai lenye mafuta na kuondoka kwa mwendo wa heshima. Mwingine alijifunika kanga mpaka machoni. Yeye na wale wawili wengine wakaingia nyuma ya boti iliyopandishwa mchangani, na kutoka huko nyuma nikasikia mtu anasema, "Mimi si nililipa Ijumaa?"

"Jamani siwadai nyie!" nikasema huku nakimbia. "Namtafuta Deni!"

Hiyo haikusaidia.

Kijana mmoja wa kubeba matenga akanikatia njia, jasho linamtoka, mikono ameifumbata. "Kaka, naomba unisikilize. Leo nina elfu kumi tu. Nyingine Jumatatu, haki ya Mungu." Nikamwambia hapana, ndugu yangu, mimi ni mbwa. Nilikusudia kusema natafuta mbwa, lakini nilikuwa sina pumzi. Akanitazama kwa huruma, nadhani alidhani kazi imeniathiri. Ili kumaliza ubishi nikatoa kadi mfukoni nimwonyeshe kuwa ni ya chanjo. Kule kuitoa tu! Nyuma ya boti pale pakalia "Yarabi toba", na wawili waliokuwa wamebaki kwenye ndoo zao nao wakaondoka.

Kijana akanisukumizia noti. "Andika," akasema.

Wakati huohuo huko mbele Deni alikuwa ameshafika mnadani. Dalali alikuwa anamnadi kolekole mmoja mnene, elfu kumi na mbili, kumi na tatu, nani kumi na nne, na mimi huku nyuma napunga mkono juu kama mwendawazimu nikimwita mbwa. "Kumi na nne, yule aliyechomekea!" akasema dalali. Nikapunga zaidi. "Kumi na tano, huyohuyo!" Sijui ni wapi tena duniani mtu anaweza kushindana na nafsi yake mnadani, ila nilishinda. Na kabla kolekole hajawekwa kwenye mfuko, Deni alijichukulia mzigo wetu mwenyewe.

Pakawa na vurugu, na mbele yake Deni, kichwa juu, mkia wa kolekole unaburuta mchangani, anapita katikati ya watu akijizungusha ili wamfukuze vizuri zaidi. Hapo ndipo nilipomkumbuka Afande. Mpe mgongo, kimbia upande mwingine. Nikageuka, nikatimua mbio kurudi nilikotoka.

Fikirieni picha waliyoiona wale waliojificha. Mtu wa kausha damu, yule asiyeogopa kitu, anakimbia na kadi mkononi, kibegi kinamwaga dagaa. "Polisi!" akapiga kelele mmoja. Nao wakatoka nyuma ya boti wakakimbia pamoja na mimi. Nimekimbia bega kwa bega na wadaiwa wangu, mmoja akiniuliza kwa dhati kabisa, "Wako wapi? Wangapi?"

Ila Afande ni mtaalamu, lazima nimpe haki yake. Deni alipoona ninaondoka alikuja kama risasi, akatupita wote, akasimama mbele yetu, akamlaza kolekole miguuni pangu na kukaa chini vizuri. Nikamvika kamba. Wale kina mama wakamtazama mbwa, wakanitazama mimi. "Huyu ndiye Deni?" Nikasema ndiye. Pakawa kimya, kisha mwenye kanga machoni akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini.

Ningependa kusema tukaishia hapo. Lakini Deni alikuwa na kiu ya mbio zote zile, na kando yake palikuwa na ndoo ya maji safi ya bibi mmoja. Alikunywa kabla sijavuta kamba.

Kicheko kikakatika. Pwani yetu hii wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na mate ya mbwa si jambo la kufuta na kitambaa. Chombo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mzee wa kanzu aliyekuwa anakuja kutazama kulikoni alimwona mbwa mbichi vile, akakunja kanzu yake, akarudi kinyumenyume bila kunisalimu. Nikamwamkia bibi, "Shikamoo." Akajibu, "Marahaba. Osha."

Nikaosha. Kukazuka mjadala kama mchanga wa ufukweni unafaa au hadi udongo wenyewe. Mmoja akasema mchanga nao ni ardhi, mwingine akasema huo umejaa magamba ya samaki, bibi akakata shauri kwa kumtuma mjukuu wake alete udongo wa shambani kwenye kopo. Watoto wa Kunduchi wote walikuwa pale wakinihesabia kwa sauti. Moja! Mbili! Nilipofika tano nikamwaga maji vibaya, wakaamua kwa kauli moja kuwa hiyo haihesabiki. Kanisani nilishachelewa kitambo.

Kolekole nilimlipia, elfu kumi na tano taslimu, na dalali akaniambia wateja kama mimi wanakaribishwa kila siku. Yule kijana wa matenga alikuwa bado amesimama kando. Nikamrudishia noti yake, akakataa katakata, eti nisije nikageuka kesho nikasema hakulipa. Nilimweleza habari yote ya mbwa, rafiki yangu na Goba. Akasikiliza kwa makini, akasema, "Nimekuelewa, kaka. Andika." Basi nikaandika kwenye kadi: amelipa 10,000, salio Jumatatu. Akasaini, akapanda bodaboda akaondoka. Noti nikamwachia bibi wa ndoo, nikamwomba amfikishie. Bibi akasema hakuna shida, anamfahamu, tena na yeye anamdai. Akaifunga kwenye pindo la kanga.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hurudiwa kila mwaka. Muda ulipofika tukampeleka Deni kwa daktari, mama watoto akiwa ameshika kamba. Daktari akafungua kadi, akasoma, akavua miwani, akasoma tena.

"Huyu mbwa," akauliza, "bado mnamlipia?"

"Daktari," mama watoto akasema, "wewe lichanje tu."