Maji kwanza: leso, embe na siku ya kushinda nyumbani

Keki ya embe iliyobonyea katikati na blanketi la viraka lililojikunja baada ya kufuliwa mara ya kwanza vina ugonjwa mmoja: maji. Tunda liliingia kwenye unga na maji yake yote, na kitambaa kilikatwa kabla hakijaonja maji. Mwokaji atalaumu oveni, mshonaji atalaumu cherehani, ilhali kosa lilitendeka saa kadhaa nyuma. Ndiyo maana nashikilia kwamba anayetaka kushinda nyumbani akishona na kuoka amalize habari ya maji kabla hajagusa mkasi wala mayai.

Januari ndiyo hasa ya kazi hii hapa Nairobi. Jua ni kali, kitambaa hukauka kwenye kamba mchana huohuo, na soko la Marikiti limejaa maembe ya Makueni na Machakos. Fua asubuhi, leso (kanga) zikikauka, embe linachemka.

Kwa blanketi la mtoto, doti moja ya leso ya pamba inatosha: kipande kimoja cha kukata, cha pili kibaki kizima kiwe mgongo. Ongeza mita 1 ya kitenge cha pamba. Lakini si kila kinachoitwa kitenge Biashara Street au Isili ni pamba. Chomoa nyuzi mbili tatu pembeni uzichome. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka ikaacha kidonge kigumu. Ukichanganya hizo mbili, moja itarudi (itapungua ikifuliwa) na nyingine haitarudi, na mshono utavutwa katikati yao.

Pamba mpya hurudi kwa takriban asilimia 3 hadi 5. Kwa leso yenye urefu wa sentimita 150, hiyo ni mpaka sentimita 7 na nusu, na ni afadhali zipotee kwenye beseni kuliko kwenye blanketi lililokwisha kushonwa. Fua kila rangi peke yake kwa maji ya vuguvugu na sabuni, suuza mpaka maji yatoke meupe, kisha sugua kitambaa cheupe chenye unyevu juu yake. Kikishika rangi, rudia. Nyekundu ndiyo sumbufu zaidi. Chumvi na siki hazizuii rangi ya kitambaa cha dukani kuchuja, hata kama ushauri huo umezoeleka.

Wapo wanaokataa kufua kwanza kwa sababu kitenge hulegea. Ni kweli hulegea, kwa kuwa ugumu wake mwingi ni wanga wa kiwandani. Basi urudishe: koroga kijiko 1 cha chakula cha wanga wa muhogo katika maji baridi kidogo, mimina kwenye lita 1 ya maji yanayochemka, acha upoe, chovya kitambaa, kisha kipige pasi kikingali na unyevu. Kitakatika sawasawa kama karatasi.

Kata viraka 80 vya inchi 5 kwa 5, arubaini vya leso na arubaini vya kitenge. Mshono ni robo inchi, kwa hiyo kila kiraka hubaki inchi 4½, na safu 8 za viraka 10 zinatoa inchi 36 kwa 45. Bandika utepe kwenye bamba la cherehani, robo inchi kutoka sindanoni, uwe ndio mpaka wako. Mshono ukizidi kwa milimita 1 tu, kila kiungo kinakula 2, na safu yenye viungo 9 inapungua milimita 18. Hapo pembe hazikutani tena. Na pasi ibonyezwe, isiburutwe, maana kuburuta huvuta kitambaa upande.

Sasa embe. Tafuta aina iitwayo ngowe; ile iitwayo Tommy ina nyuzi nyingi, ukiitumia uichuje. Saga gramu 400 za nyama, kiasi cha maembe 2 makubwa, uchemshe kwa moto mdogo kwenye sufuria pana, ukikoroga, mpaka zibaki gramu 250. Ukipitisha mwiko, njia yake ibaki wazi kwa muda kabla ya rojo kurudi kuifunika. Lipoe kabisa, la sivyo litayeyusha siagi.

Piga siagi gramu 120 na sukari gramu 150 mpaka ziwe nyeupe, tia mayai 2 moja moja, kisha rojo, kisha unga gramu 250 uliochekechwa na chumvi kidogo na beking pauda vijiko vya chai 2. Unga ukishapotelea ndani, acha kukoroga. Oka kwa nyuzi 180, dakika 45 hadi 50. Vijiko 2 ni vya Nairobi: tuko takriban mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, keki hufura haraka na kuanguka kabla haijashika. Mapishi ya Mombasa au London yangetaka 2½. Kama unga una beking pauda yake tayari, usiongeze chochote.

Kimo hichohicho huharibu jamu ya plamu. Vitabu husema iepuliwe ikifika nyuzi 105, lakini maji yetu huchemka karibu na 94, kwa hiyo jamu hushika kwenye 99 hivi. Anayesubiri 105 atapata gundi.

Keki ikipoa, rudi kwenye blanketi. Tandaza leso nzima kifudifudi, juu yake flisi nyembamba, juu kabisa viraka, vikae katikati ili jina la leso (maneno yaliyoandikwa juu yake) lisikatwe. Piga bandi (mishono mikubwa ya muda) kuanzia katikati kwenda nje, mistari ikiachana upana wa kiganja. Ukianza pembeni, kitambaa kilichozidi kitakusanyika katikati na hakina pa kutokea. Shona ukifuata njia hiyohiyo. Mwisho punguza flisi ilingane na viraka, acha leso izidi inchi 1 kila upande, ikunje mara mbili kuja mbele, ushone pindo.