Chomoa Plagi Kwanza, Fundi Baadaye

Anayesema mashine ya kufulia ni uvivu wa watu wa mjini hajawahi kufua blanketi Mbeya mwezi wa saba. Jiji liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji ya bomba asubuhi ya Julai yanauma vidole mpaka kwenye mifupa. Lakini kwangu mimi baridi ya maji si hoja kubwa. Hoja ni kukausha. Mvua zikianza Novemba hatuachani nazo mpaka Aprili au Mei, na jinzi iliyokamuliwa kwa mkono itashinda kambani, itaingizwa ndani, kesho itatolewa tena, mwishowe inavaliwa ikiwa na harufu ya ukungu. Wa Tukuyu ndiyo usiwaulize kabisa, maana huko Rungwe kuna sehemu zinapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Kwa hiyo huku kwetu anayenunua mashine ananunua kikamulio, kufua ni nyongeza.

Ndiyo maana ikizima, nyumba nzima inachanganyikiwa. Inakodiwa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, mashine inafungwa kamba, inapelekwa Mwanjelwa au popote kwenye fundi, na jioni simu inalia: "Mama, bodi imeungua." Sentensi hiyo siipendi. Si kwamba bodi haziungui. Zinaungua, hasa umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo. Ila bodi, yaani ile saketi inayoongoza mashine, ndiyo kifaa ghali kuliko vingi mle ndani, ndiyo mteja hawezi kukikagua kwa macho, na mimi nimeshaona mashine nyingi "zilizokufa bodi" ambazo tatizo lake lilikuwa sarafu ya shilingi mia mbili kwenye pampu.

Ninachosema ni hiki: nusu ya kwanza ya ukaguzi ifanyike nyumbani kwako, na wewe. Hakuna anayekuambia uwe fundi. Kinachokula hela mara nyingi ni usafiri wa kwenda na kurudi pamoja na gharama ya kutafuta tatizo, kuliko hata spea yenyewe.

Anza na maji, kwa sababu huku kwetu maji yanadanganya sana. Mashine ya mlango wa mbele inaanza kuzunguka, inasimama, inaandika herufi na namba za kosa. Watu wanaona herufi wanaogopa. Nenda kaangalie tenki lako limesimama wapi. Kila mita moja ya kimo inakupa presha ya bar 0.1 hivi, basi. Mashine nyingi zinataka angalau bar 0.3, nyingine 0.5, na kitabu chake kimeandika. Tenki lililowekwa juu ya stendi ya mita mbili haliwezi kuilisha mashine inayotaka mita tano, hata ubadilishe bodi mara ngapi. Hapo dawa ni kupandisha tenki au kufunga pampu ndogo ya kuongeza presha.

Kama presha ipo, funga koki, fungua mpira wa maji nyuma ya mashine. Pale unapoingia kuna kichujio kidogo cha plastiki, kivute taratibu kwa koleo. Bomba likikatika siku mbili kisha likarudi, maji yanakuja na matope na kutu, na vyote vinakwama hapo. Kioshe kwa mswaki wa zamani, ukirudishe. Kazi imeisha.

Upande wa maji kutoka ndiko kwenye vituko zaidi. Mashine nyingi za mlango wa mbele zina kifuniko kidogo chini, kona ya mbele. Tandika taulo, weka beseni la chini, fungua polepole, na kama ulikuwa unafua kwa maji ya moto subiri yapoe. Utakutana na vifungo, pini za nywele, waya wa sidiria, na uzi uliojiviringa kwenye panga la pampu. Ukiutoa uzi huo, maji yanatoka na mashine inakubali kukamua, maana mashine hizi hazikamui mpaka ziwe na uhakika kwamba maji yamepungua. Mtu anaona "haikamui" anadhani mota, kumbe ni uzi. Na hapa niseme jambo moja la sabuni: unga wa kufulia kwa mkono unatoa povu jingi mno, na pampu haiwezi kusukuma povu. Tafuta sabuni iliyoandikwa ni ya mashine otomatiki, au kama huna, punguza kipimo sana.

Sasa zile mashine za matenki mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia, ambazo ndizo zimejaa majumbani kwetu, na mimi nazipenda kwa sababu hazina siri. Kesi yake ya kawaida: mota inanguruma lakini haizunguki. Izime mara moja, usiiache ikinguruma, mota itaungua kweli. Chomoa plagi. Zungusha kikamulio kwa mkono. Kikigoma, angalia kama soksi imedondokea kati ya pipa la ndani na la nje. Kikizunguka vizuri bila kukwaruza, mshuku kapasita. Hicho ni kikopo kidogo cha plastiki nyuma ya kifuniko, ndicho kinachoipa mota msukumo wa kuanza. Ubavuni kimeandikwa namba ya mikrofaradi, na namba hiyo unainunua vilevile ilivyo. Ya volti isipungue ya zamani, ikizidi hakuna neno. Piga picha ya nyaya kabla hujagusa kitu, kwa sababu kapasita moja inaweza kuwa na nyaya tatu au nne, ukizichanganya umejitafutia mengine.

Kapasita inaweza kubaki na chaji hata plagi ikiwa imeshachomolewa. Usiishike ncha zake kwa vidole. Chukua holda yenye balbu ya zamani ya waya, gusisha nyaya zake mbili kwenye ncha za kapasita, chaji iishie humo. Na bisibisi ya tesita ile ya taa nyekundu haitakuambia kama chaji ipo.

Mashine za mota ya kaboni, yaani yenye vipande viwili vya kaboni vinavyopitisha umeme kwa kusugua, zikianza kutoa cheche za bluu na kupoteza nguvu, kaboni zimekwisha, badilisha zote mbili kwa pamoja. Mota za kisasa za inveta hazina kaboni, usizitafute. Kama mashine inafua ila maji hayapati moto, nunua multimita, kile kipimio cha umeme, ya bei ndogo upime hita ikiwa imechomolewa nyaya zake. Hita ya wati 2,000 kwenye umeme wetu wa volti 230 inatakiwa isome omu 26 hivi. Isiposoma kitu, imekatika. Hesabu yake, volti mara volti gawanya kwa wati, ni ya fizikia ya sekondari, tena kwa wengi wetu ndiyo mara ya kwanza kuitumia.

Wanaopita wakinikuta nimeilaza mashine uani wanauliza baba yuko wapi. Yupo, anaangalia mpira.

Kuna mambo sigusi. Kikamulio kikilia kama roli linalopanda mlima, hiyo ni beringi. Kuifikia unavunja mashine yote, na mapipa mengine yamechomelewa kiwandani hayafunguki. Kama kuligusa umbo la nje la mashine kunakupa shoti, hata ndogo, acha kuitumia siku hiyo hiyo uite fundi wa umeme wa nyumba, kwa sababu soketi ya matundu matatu si ushahidi kwamba waya wa ethi umefika ardhini. Na mtumba wa Japani usomwe kibandiko chake kabla ya kulipia: kule umeme ni volti 100, ukiuchomeka moja kwa moja huku kwetu hakuna cha kutengeneza tena.

Ninachogombana nacho zaidi ni ule mtindo wa kuunganisha nyaya za swichi ya kifuniko cha kikamulio. Swichi ikifa, mtu anaikata, anaziunga nyaya, mashine inakamua, mteja anafurahi. Tangu hapo kikamulio kinazunguka hata kifuniko kikiwa wazi, na watoto wetu wanapenda kuchungulia. Swichi yenyewe ni spea ya bei ndogo. Ukifanyiwa hivyo, rudisha mashine.

Naambiwa kwamba nawanyima mafundi riziki. Sidhani. Fundi mzuri ninayemjua mimi anachoka na watu wanaomletea mashine ya kutolewa pini ya nywele, kisha wanabishia bei. Anapenda kazi ya beringi, ya kusuka mota, ya bodi iliyoungua kweli. Ninapompelekea sasa, namwandikia kwenye karatasi: kichujio safi, pampu inasukuma, kaboni mpya, hita inasoma 26, kelele zinaanza ikishika kasi. Tunapatana bei ya kazi moja, si ya kutafuta. Na spea ya zamani namwomba anirudishie kwenye mfuko, hata kama imevunjika, maana ukienda dukani na kifaa mkononi muuzaji analinganisha namba, ukienda na maneno matupu anakupa kinachofanana.