Habib Swaleh angekuja leo, angejenga wapi?

Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, ukiingia, nyumba ya shangazi yangu mtaa wa Langoni, Lamu, hujaa watu asiowajua. Safari moja nilihesabu wageni kumi na mmoja wamejilaza kwenye mikeka, barazani mpaka darini: wa Tanga, wa Malindi, Mngazija mzee aliyekohoa usiku kucha, na vijana wawili wa bara waliosilimu mwaka uliotangulia. Shangazi hakuuliza ukoo wa mtu. Aliuliza kama wamekula. Asubuhi walikwenda Riadha, msikiti na madrasa ya Habib Swaleh, na yeye akarudi kwenye sufuria lake.

Nayataja hayo kwa sababu nimechoka na vikao vya mustakabali wa Lamu. Vimekuwa vingi tangu Machi 2012, Rais Kibaki, Salva Kiir na Meles Zenawi walipokuja kuzindua LAPSSET, ile bandari na njia za kwenda Sudan Kusini na Ethiopia. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Katika vikao hivyo kuna meza mbili tu. Meza ya kwanza ni ya bandari: ajira, meli, barabara. Ya pili ni ya urithi: UNESCO ilitutia kwenye orodha yake mwaka 2001, basi tusiguse milango ya nakshi, watalii watakimbia. Riadha ikitajwa, huwekwa meza ya pili, pamoja na punda na mashindano ya mashua. Kivutio.

Riadha si kivutio. Ndiyo njia ambayo mji huu umekuwa ukiwageuza wageni kuwa Waamu, watu wa Lamu, na kwa mji unaongojea wageni kwa maelfu, sijui jambo jingine la kuzungumziwa kabla ya hilo.

Tuliosomea pale tunaijua hadithi, ila tumezoea kuisimulia nusu. Habib Swaleh bin Alawi Jamalil-Layl alizaliwa Ngazija. Alikuja Amu, yaani Lamu, kijana, karne ya 19, kutafuta elimu kwa jamaa zake masharifu, wazao wa Mtume, na kwa maulamaa wa hapa. Amu ya wakati huo ilikuwa mji wa matabaka hasa. Waungwana walikaa Mkomani katika majumba ya mawe, na elimu ya dini ilikuwa yao kama ilivyokuwa yao mitepe, vyombo vya bahari, na mashamba. Watumwa na wana wa watumwa walitakiwa wajue kusali, basi. Mgeni huyu akaenda kuketi nao Langoni, upande wa michanga na makuti, akawasomesha, akawapa dawa walipougua, na akaleta maulidi ya Habib Ali al-Habshi wa Seiwun, yanayosomwa kwa matari. Matari, na kucheza, ndani ya ibada! Wakubwa wa mji walinung'unika sana. Leo wajukuu wao ndio wanaokaa safu ya mbele siku ya ziara, nao husema "Habib wetu" kwa sauti ya mtu aliyerithi. (Mimi pia ni mjukuu wa hao walionung'unika, upande wa mama. Hatulisemi sana nyumbani.)

Alifariki mwaka 1935. Wanafunzi wa Riadha walitawanyika pwani nzima, wakafungua madrasa, na kila mwaka wanafunzi wao wanarudi kuzuru kaburi lake. Wako wanaoyaita maulidi bidaa, uzushi katika dini, na mjadala huo hautaisha leo. Hata wao wengi wao wana babu aliyesoma Riadha.

Jambo ambalo hatulisimulii ni la kiwanja. Langoni ilikuwa pembeni. Ardhi ya michanga haikuwa na mwenye kuigombania, kwa hiyo Mngazija asiye na jumba aliweza kujenga, na mtoto wa mtumwa aliweza kujenga kibanda cha makuti hatua chache kutoka kwa mwalimu wake. Bila pembe ile ya bei nafuu, nadhani tungekuwa na sharifu mwema anayekumbukwa na familia tatu.

Sasa pembe hiyo iko wapi? Shela majumba mengi yamekwenda kwa Wazungu, na Mkomani pia, na siwalaumu waliouza. Paa la boriti likioza, matengenezo yake yanamshinda mwalimu wa shule. Ng'ambo, upande wa bara, tangu habari za bandari zienee, ardhi imeshikwa kabla hata wenye kulima hawajajua inauzwa. Kijana wa Langoni anayeoa leo anaongeza chumba juu ya nyumba ya baba yake, ghorofa kwa ghorofa.

Wavuvi nao, ambao ndio mgongo wa Riadha tangu mwanzo, wamepoteza maji waliyoyazoea. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilisema ujenzi wa bandari umevunja haki zao, utamaduni wao ukiwemo, na ikaagiza walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Nilifurahi kuona neno utamaduni katika hukumu. Wakili aliyeliweka pale alielewa jambo ambalo wachoraji wa ramani hawajalielewa.

Halafu kuna hofu. Baada ya mauaji ya Mpeketoni, Juni 2014, tuliwekewa amri ya kutotoka nje usiku, wavuvi wakakaa bure, na kwa muda mrefu mabasi yamekuja na kuondoka kwa kusindikizwa na polisi. Naelewa sababu. Ila tangu hapo na sisi wenyewe tumejifunza kumtazama mgeni mikono kwanza. Barazani nasikia: "Wa bara watatujaza." Watatujaza, kweli, bandari ikishika kasi. Anayelisema hilo amekaa mita mia kutoka msikiti uliojengwa na mtu wa kuja kwa ajili ya watu wasiotakiwa.

Mimi ningeanza na ardhi. Kaunti ikipima viwanja vipya, kisiwani au Mokowe, itenge eneo liwe wakfu, mali ya kheri isiyouzwa, kabla ya kiwanja cha kwanza kuuzwa: madrasa, zahanati, na nyumba za kupangisha kwa bei ambayo kuli wa bandarini anaiweza, awe Mbajuni, Mpokomo au Mkikuyu. Wakfu si jambo geni kwetu, na hauhitaji mfadhili kutoka Ulaya. Nilipomweleza shangazi, alinisikiliza mpaka mwisho huku akichagua mchele.

"Na nani atawapikia?" akauliza.