Albamu ya juzi imebuma, ya leo inaua: nani kabadilika hapo?

Kuna kauli huwa inanikera sana, mtu akisikia albamu ya zamani ya msanii ambaye baadae alikuja kuwa moto anasema "aah kipindi hicho alikuwa hajajua kuimba bado". Jamani, sikilizeni vizuri, mara nyingi sauti ni ile ile kabisa! Mi naona aliyebadilika ni yule aliyekaa naye studio, au nani ana neno la mwisho humo ndani.

Mchukulie Janet Jackson. Albamu ya kwanza 1982, ya pili Dream Street 1984, zote zimepita bila kishindo, baba yake ndo meneja, nyimbo anazikuta watu wengine wameshaziandika, yeye anaingia anaimba anatoka. Halafu 1986 ikaja Control. Katikati hapo alimtoa baba kwenye umeneja akaenda Minneapolis kwa maprodyuza Jimmy Jam na Terry Lewis (hawa ndo wale Prince aliwatimua kwenye bendi ya The Time baada ya theluji kuwakwamisha wakakosa shoo, mi hiyo theluji naishukuru mpaka leo). Siku za mwanzo hawakurekodi kitu, ni kuzurura na kupiga stori tu, afu siku moja wanampa mashairi anasoma anashangaa, kumbe yale maongezi yote ndo yalikuwa yanageuka nyimbo. Binti alikuwa na miaka 19. Na sauti yake haikukua hata kidogo, ni nyembamba vile vile mpaka kesho, ila kwenye zile albamu za mwanzo vyombo vinamfunika, ila kwenye Control dramu zinagonga ngumu afu zinakaa kimya, zinamwachia nafasi aongee, na mtu mwenye sauti ndogo akiachiwa nafasi anakuwa hatari kweli kweli.

Nirvana, ile bendi ya rock, nao ni hivyo hivyo. Bleach ya 1989 ilirekodiwa kwa dola 606 na senti kidogo, kwa hiyo watu wanasema Nevermind ya 1991 ni pesa tu iliongezeka. Pesa ilisaidia sawa, ila mi nakwambia ni mpiga dramu. Dave Grohl kaingia 1990 na ghafla nyimbo zina uti wa mgongo. Afu kuna prodyuza Butch Vig, alikuwa anambembeleza mwimbaji wao Kurt Cobain arekodi sauti mara mbili moja juu ya nyingine, jamaa hataki, anaona ni udanganyifu, mpaka alipoambiwa John Lennon wa Beatles naye alikuwa anafanya hivyo ndo akalainika 😂 Prodyuza mzuri nusu ya kazi yake ni kujua mtu wake anamheshimu nani.

Sasa rapa Eminem ndo ananiharibia hoja. Infinite ya 1996 anachana vizuri tu, mistari ipo, vina vipo, tatizo unasikia Nas na AZ, marapa wa New York, humo ndani, yeye mwenyewe humwoni. Wengi wanadhani prodyuza Dr. Dre ndo alimtengeneza kwa ile The Slim Shady LP ya 1999, lakini yule mhusika wake Slim Shady alikuwepo tayari kwenye EP (albamu fupi) ya 1997, kabla Dre hajamsikia, na baadhi ya nyimbo za humo zikahamia kwenye albamu. Yaani jamaa alibadilika peke yake, bila prodyuza mkubwa, baada ya albamu yake kukosa wanunuzi akaacha kutaka kusikika kama watu wa New York na kuanza kuropoka anachokiwaza.

Kwa hiyo ukinibana na Eminem nakubali umenishinda. Kwa Janet sikubali. Weka Dream Street, afu weka Control papo hapo bila kupumzika, sikiliza sauti tu achana na biti, halafu uje uniambie alijifunza kuimba lini.