Tabla si Pambo la Rege

Mtu aliyekulia Mombasa hahitaji kufundishwa tabla, zile ngoma mbili ndogo za Kihindi zinazopigwa kwa vidole. Marehemu Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu, alituimbia tungo za Kiswahili kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, na harusini hakuna aliyeuliza kama huo ni muziki wetu au wao. Akina mama waliinuka, wakatunza. Kwa hiyo kila ninaposikia bendi inayopiga rege kwa ala za Kihindi na ngoma za Kiafrika ikikejeliwa, eti imechanganya visivyochanganyika, naumia. Visivyochanganyika tangu lini?

Itazame Jamaika yenyewe. Meli ya kwanza ya vibarua wa mkataba kutoka India ilitia nanga huko Mei 1845, na kufikia 1917 walikuwa wameshaletwa zaidi ya 30,000, wengi kwenye mashamba ya miwa yaliyoachwa na watumwa waliokombolewa. Neno "ganja", ambalo wengi hudhani ni la Marasta, lilikwenda na watu hao. Na zile ngoma tatu za Nyabinghi zinazopigwa katika ibada za Kirasta? Jina lake ni la Nyabingi, pepo aliyetukuzwa Kigezi, huko Uganda, na Rwanda. Ni kwa jina hilo kiongozi wa kike, Muhumuza, aliwakusanya watu dhidi ya wakoloni, hadi Waingereza wakamkamata mwaka 1911. Jina la Maziwa Makuu likavuka bahari, leo linaturudia pamoja na gitaa la besi, nasi tunaliita geni!

Halafu kuna Handsworth, mtaa wa Birmingham, Uingereza, ambako Wajamaika na Wapunjabi, watu wenye asili ya Punjab huko Bara Hindi, waliishi ukuta kwa ukuta. Bendi ya rege ya Steel Pulse ilitoka hapo, na albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1978, ina jina la mtaa huo. Hapo hapo akakulia Steven Kapur, mchomeleaji vyuma, mtoto wa Kipunjabi, akajiita Apache Indian na kughani kwa Kipatwa, lugha ya mitaani ya Jamaika, huku akichomeka Kipunjabi. Mwaka 1993 "Boom Shack-A-Lak" ilifika nafasi ya tano Uingereza. Hakuwa anaigiza, hizo ndizo sauti zilizopita dirishani kwao. Hata Kuljit Bhamra, mpiga tabla aliyekuwa miongoni mwa wajenzi wa bhangra, muziki wa dansi wa Kipunjabi, ya Uingereza, ni mzaliwa wa Nairobi.

Nakiri kwamba zipo bendi zinazoharibu. Unasikia sitari, ala ya nyuzi ya Kihindi, mwanzoni mwa wimbo, kama manukato, kisha haisikiki tena. Au mpiga tabla anapewa sekunde chache aonyeshe vidole, halafu drami zinamfunika. Huko ni kumkaribisha mgeni na kumwacha amesimama mlangoni. Mchanganyiko wa kweli huanzia kwenye mapigo. Tala, yaani mzunguko wa mapigo, iitwayo keherwa ina mapigo manane, inakaa ndani ya rege bila kusukumana: gitaa likikwaruza pale katikati ya mapigo, tabla inajaza nafasi ambazo besi imeziacha makusudi. Rege ina nafasi nyingi, na hiyo ndiyo siri yake. Tala ya dadra nayo ina mapigo sita, na mtu yeyote aliyewahi kucheza chakacha atayatambua kwa kiuno kabla ya sikio.

Ndiyo maana naitaka bendi ya namna hii nyumbani, si Birmingham tu. Them Mushrooms, walioanzia Mombasa mwaka 1972, walishatuonyesha kwamba chakacha na rege vinaweza kutoka kwa bendi moja. Wapiga tabla tunao, wengine wanapiga kila wiki kwenye mahekalu na kumbi za harusi. Wapiga msondo na chapuo tunao. Wawekwe chumba kimoja jioni moja, drami zipumzike kidogo, na mpiga tabla ndiye aanze kuhesabu.