Faili Ni Lako, Ufunguo Ni wa Nani?

Orodha nyingi za zana za wabunifu wa tovuti na michoro hupangwa kwa kigezo kimoja: bei. Huku za kulipia, kule za bure. Za kulipia husifiwa kuwa ndizo za wataalamu. Za bure hutajwa kwa sauti ya pole, kwamba zinawafaa wanafunzi na wale ambao mfuko haujakaa sawa. Tumeuzoea mpangilio huu kiasi kwamba hata watetezi wa programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha, wameukubali. Ukimuuliza mmoja wao kwa nini anachorea Inkscape, programu huria ya michoro, atakwambia haina gharama. Hajasema uongo, ila katika hoja zote alizo nazo, ameshika iliyo dhaifu kabisa.

Hoja yenye uzito ni nyingine: kazi unayoifanya mwaka huu, nani ataamua kama utaweza kuifungua miaka kumi ijayo na kuikuta kama ulivyoiacha?

Mwishoni mwa 2022 wabunifu waliofungua kazi zao katika Photoshop walikuta sehemu zilizokuwa na rangi za Pantone, kampuni inayouza mfumo wa rangi zenye namba maalumu, zimegeuka nyeusi. Si kirusi wala diski mbovu. Makubaliano ya leseni kati ya Adobe, wenye Photoshop, na Pantone yalikuwa yamebadilika, na maktaba nyingi za rangi hizo zikaondolewa kwenye programu. Aliyezitaka alielekezwa kwenye usajili mwingine, wa Pantone Connect, kama dola 15 kwa mwezi, juu ya ule anaolipa Adobe. Tukio hili watu hulipitia haraka mno, kana kwamba lilikuwa ugomvi wa kampuni mbili tu. Mimi naona linastahili kukaliwa. Mafaili yale hayakuwa kwenye seva ya mtu; mengi yalikuwa ndani ya kompyuta za wenyewe, yamehifadhiwa kwa uangalifu wote tunaohimizana. Nembo iliyokwisha kuidhinishwa na mteja, ikachapwa, ikalipiwa, ilibadilika sura bila mchoraji wake kuigusa. Wenye bahati walikuwa wametunza nakala za maktaba za zamani, wakazirudisha kwa mkono. Msanii wa Uingereza, Stuart Semple, alitoa paleti ya bure aliyoiita Freetone, nusu kejeli nusu msaada. Lakini somo lilikuwa limeshaonekana: kuwa na faili hakutoshi ikiwa maana ya kilichomo ndani yake inakaa kwa mwingine.

Mifano mingine ni mepesi kuieleza. FreeHand, iliyokuwa na wapenzi wake hasa miongoni mwa wachoraji wa vekta (michoro inayokuzwa bila kupoteza ubora), iliingia mikononi mwa Adobe pamoja na kampuni yake, Macromedia, mwaka 2005, na miaka miwili baadaye uendelezaji wake ukasitishwa. Fireworks, programu ya picha za tovuti, ikafuata mwaka 2013, mwaka uleule Adobe ilipotangaza kwamba baada ya CS6, kifurushi chake cha programu cha wakati huo, hakutakuwa na toleo jipya la kununua na kumiliki, ila usajili. InVision, huduma ya mtandaoni ya kuonyesha na kujadili michoro ya tovuti, iliyowahi kukadiriwa kuwa na thamani ya karibu dola bilioni 2, ilifunga huduma zake za usanifu mwishoni mwa 2024. Na Oktoba 2019 Adobe iliwaarifu wateja wake wa Venezuela kuwa akaunti zao zote zitafungwa kwa sababu ya amri ya rais wa Marekani. Mwishoni mwa mwezi huo ilipata kibali cha serikali yake na kuendelea kuwahudumia, lakini kwa wiki kadhaa watu ambao hawakukosa malipo wala kuvunja sharti lolote walikuwa wakihesabu siku.

Upande wa pili, wa zana za kampuni, nao una lake, na si dogo. Figma, zana ya usanifu ya mtandaoni, haikuteka soko kwa hila. Iliwaweka mbunifu, mtengeneza tovuti na mteja kwenye ukurasa mmoja ndani ya kivinjari, wakiona badiliko lilelile wakati uleule, na ikaua ule ugonjwa wa mafaili yanayoitwa “mwisho”, “mwisho-2” na “mwisho-kabisa”. Uzito wake ulionekana Adobe ilipokubali mwaka 2022 kuinunua kwa dola bilioni 20. Wadhibiti wa ushindani wa Ulaya na Uingereza walitia shaka, mpango ukavunjika Desemba 2023, na Adobe ikalazimika kulipa dola bilioni 1 kwa kujitoa. Hakuna anayetoa fedha za namna hiyo kwa ajili ya kitu kisicho na manufaa.

Programu huria nazo zimewachosha watumiaji wake. Photoshop ilikuwa na tabaka za marekebisho, zinazobadili picha bila kuiharibu, tangu 1996. GIMP, programu huria ya kuhariri picha, ilifikia kutumia vichujio kwa namna hiyo katika toleo la 3.0, Machi 2025. Kati ya tarehe hizo mbili mtu anaweza kuzaliwa, kusomea ubunifu na kuanza kuajiri wengine. GIMP bado haina hali kamili ya kuhariri kwa CMYK, mfumo wa rangi nne za wino wa kuchapia, na anayepeleka kazi kwa wachapaji hilo hulijua siku ya kwanza. Mbunifu mwenye tarehe ya kukabidhi hawezi kuambiwa asubiri wanaojitolea wapate nafasi. Hoja hii naikubali yote.

Nisichokikubali ni kuigeuza kuwa hoja ya bei. Affinity, programu za michoro, picha na kurasa, ni mfano mzuri. Kwa miaka mingi ilipendwa kwa sababu ulilipa mara moja ukaimiliki. Canva, huduma ya ubunifu ya mtandaoni, ikainunua kampuni yake mwaka 2024, na Oktoba 2025 ikaitoa upya bila malipo, kwa sharti la kuwa na akaunti ya Canva. Kwa mpangilio wa orodha zetu, imepanda daraja: ilikuwa ya kulipia, sasa ni ya bure. Kwa swali la ufunguo, aliyekuwa na leseni yake mkononi, akilitaka toleo jipya, sasa anabisha hodi kwenye mlango wa mwenye nyumba, hata kama kodi ni sifuri. Photopea, kihariri cha picha, nayo haikai vizuri katika kundi lolote. Ni ya bure, ina matangazo, haiko huria, tena iko kwenye kivinjari. Lakini inafungua PSD, yaani mafaili ya Photoshop, na kazi hufanyika ndani ya kompyuta yako bila faili kupelekwa kwao. Orodha ya bei haiwezi kuona tofauti hizi.

Fonti zinaonyesha faida ya leseni huria kwa uwazi zaidi. Januari 2022 mahakama ya Munich, Ujerumani, iliamuru mwenye tovuti mmoja alipe fidia ya yuro 100 kwa sababu tovuti yake ilivuta fonti moja kwa moja kutoka seva za Google, na hivyo kupeleka anwani ya IP (namba ya utambulisho wa mtandaoni) ya mgeni bila ridhaa yake. Wenye tovuti wengi waliingia hofu, lakini tiba ilikuwa rahisi: kupakua fonti na kuiweka kwenye seva yao wenyewe. Hilo liliwezekana kwa kuwa fonti nyingi za Google Fonts zina leseni ya SIL Open Font License, inayoruhusu hivyo bila kuomba. Mtumiaji wa Adobe Fonts hana njia hiyo. Masharti yake hayaruhusu fonti hizo kuwekwa kwenye seva yako.

Kwa hiyo simwambii mtu aache Figma wiki hii. Timu ya watu kumi yenye wateja watatu itapoteza zaidi kwa kuhama kuliko kwa kubaki, ingawa Penpot, mshindani wake aliye huria, inayojengwa juu ya SVG (faili la michoro ya vekta) na CSS (lugha ya mitindo ya tovuti) na kuweza kuwekwa kwenye seva yako, inazidi kukaribia. Ninachodai ni kwamba siku ya kukabidhi kazi, mteja asipewe kiungo pekee. Apewe SVG, ambayo ni kiwango cha W3C, shirika la viwango vya tovuti, tangu 2001 na husomeka hata kwa kihariri cha maandishi, apewe PDF, apewe rangi kwa namba zake, si kwa jina la maktaba, na fonti, pale leseni inaporuhusu. Kuna vitu havitahamishika: miunganisho ya kurasa kwenye prototaipu (mfano wa tovuti unaobofyeka), vijenzi vinavyotegemeana, maoni ya wateja pembeni. Hivyo viandikwe kwenye mkataba kuwa vinaishi kwenye huduma ya kampuni nyingine, na kwamba huduma hiyo ikifungwa, mbunifu hadaiwi.